MZALENDO ALIYEWATUMIKIA WASIO NA NCHI
Maisha ya Fridtjof Nansen (1861–1930)



Mwezi uliopita, baada ya ibada ya vijana, mabishano yalizuka pale chini ya mwembe. Kijana mmoja alisema kwamba mtu anayeipenda nchi yake hukaa akaipigania, kwa hiyo sisi tuliokimbia si wazalendo. Mwenzake, ambaye baba yake aliuawa na watu waliosema wanailinda nchi, alijibu kwamba neno uzalendo hataki kulisikia tena. Dada mmoja akauliza kwa sauti ya chini: mtoto wake amezaliwa hapa Uganda, hajawahi kuiona Kongo hata siku moja, je, awe mzalendo wa wapi? Hapo wote wakanigeukia mimi nitoe hukumu.

Sikutoa hukumu siku ile. Neno lenyewe limekuwa zito kwetu. Tangu miaka ya 2022 na 2023, huko mashariki mwa Kongo, Wazalendo ni jina la vikundi vya watu wenye silaha, na humu makazini tumo watu wa kila upande. Niliomba nipewe muda. Leo naleta jibu langu kwa njia ya maisha ya mtu mmoja. Wengi wetu hatulijui jina lake, ingawa kazi yake inatugusa kila tunaposimama kwenye foleni ya karatasi. Mtu huyo ni Fridtjof Nansen wa Norwei.

Niseme mapema kwamba Nansen hakuwa mtu wa kanisa. Alilelewa katika nyumba ya Kilutheri yenye nidhamu kali, lakini alipokuwa mtu mzima hakuishika imani hiyo. Simleti hapa kama mtakatifu. Namleta kwa sababu Bwana wetu mwenyewe, alipoulizwa jirani ni nani, alitoa mfano wa Msamaria.

KIJANA WA THELUJI

Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861, karibu na mji uliokuwa ukiitwa Christiania, ambao leo ni Oslo. Baba yake alikuwa mwanasheria. Norwei ni nchi ya baridi kali, na watoto wa huko hujifunza mapema kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Nansen aliwapita wengi katika mchezo huo. Chuo kikuu alisomea elimu ya wanyama, na mwaka 1888 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti wa mishipa ya fahamu.

Mwaka huohuo alifanya jambo ambalo watu wengi waliliona ni wazimu. Kisiwa kikubwa cha Greenland kimefunikwa na barafu, na wakati ule hakuna aliyewahi kuvuka barafu hiyo kutoka pwani moja hadi nyingine. Wengine walikuwa wamejaribu kuanzia magharibi, kwenye makazi ya watu, wakashindwa na kurudi. Nansen aliamua kuanzia mashariki, ambako hakukuwa na watu wa kumpokea. Ukianzia huko, kurudi nyuma ni kufa, kwa hiyo huna budi kwenda mbele. Aliwachukua wenzake watano, wawili kati yao wakiwa Wasami, watu wa kaskazini wanaofuga kulungu wa theluji. Wakavuka. Walipofika upande wa magharibi mwezi Oktoba, meli ya mwisho ya mwaka ilikuwa imeondoka. Walibaki huko majira yote ya baridi, na Nansen alikaa karibu na wenyeji ambao leo tunawaita Wainuiti, akajifunza kuendesha mitumbwi yao na kuwinda kama wao. Baadaye aliandika kitabu juu ya maisha yao, akionyesha wazi madhara ambayo Wazungu walikuwa wakiwaletea.

Mwaka 1893 aliondoka tena. Safari hii alikuwa na meli iliyoitwa Fram, iliyojengwa kwa umbo la pekee ili barafu ikiibana iinyanyue juu badala ya kuivunja. Nia yake ilikuwa kuiacha igandishwe baharini na kuchukuliwa na mwendo wa barafu hadi karibu na Ncha ya Kaskazini ya dunia. Alipoona kwamba meli haitafika kwenye ncha yenyewe, mwezi Machi 1895 yeye na mwenzake mmoja, Hjalmar Johansen, waliiacha wakaenda kwa miguu na mbwa. Walifika mbali kaskazini kuliko binadamu yeyote kabla yao, kisha wakalazimika kugeuka. Majira ya baridi yaliwakuta njiani. Walijenga kibanda cha mawe na ngozi za wanyama wa baharini, wakaishi humo miezi mingi wakila nyama ya dubu.

Mwezi Juni 1896, wakiwa weusi kwa masizi na mafuta, walikutana na mpelelezi Mwingereza aitwaye Frederick Jackson, ambaye hawakuwa na miadi naye yoyote. Jackson aliwapeleka nyumbani kwake, akawapa maji ya kuoga, nguo na chakula. Nalitaja jambo hili kwa sababu mtu aliyekuja kuwa mtetezi wa wakimbizi aliwahi yeye mwenyewe kufika kwenye mlango wa mgeni akiwa mchafu, na akafunguliwa. Meli ya Fram nayo ilirudi salama, na watu wote 13 wa safari ile walirudi hai.

MWAKA 1905

Sasa tunafika kwenye uzalendo wake. Tangu mwaka 1814 Norwei ilikuwa imeunganishwa na Uswidi chini ya mfalme mmoja. Wanorwei walikuwa na bunge lao na sheria zao, lakini mambo ya nchi za nje yalikuwa mikononi mwa Uswidi. Walikuwa na meli nyingi baharini, ila bandarini ugenini hawakuwa na mabalozi wadogo wao wenyewe wa kuwasaidia. Mabishano juu ya jambo hilo yaliendelea miaka mingi.

Mwanzoni mwa mwaka 1905 Nansen aliandika makala magazetini kuwahimiza wananchi wenzake wawe na ujasiri. Tarehe 7 Juni bunge lilitangaza kwamba muungano umekwisha. Mwezi Agosti watu waliulizwa kwa kura. Waliosema ndiyo walikuwa 368,208, na waliosema hapana walikuwa 184 tu. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura wakati ule, kwa hiyo walikusanya sahihi zao wenyewe, zaidi ya 200,000, ili ijulikane kwamba nao wana nchi.

Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamesogezwa mpakani. Vita ingeweza kuwaka, lakini haikuwaka. Wajumbe walikaa mezani katika mji wa Karlstad, na mwezi Septemba wakapatana: ngome kadhaa za mpakani zibomolewe, na pande mbili za mpaka zibaki bila majeshi. Wako Wanorwei walioona uchungu kubomoa ngome zao wenyewe, wakasema ni aibu. Nansen alikuwa miongoni mwa wale waliotaka uhuru bila damu. Alitumwa Denmark kuzungumza na mwana wa mfalme aliyekuja kuwa Mfalme Haakon wa Saba wa Norwei. Kisha akawa balozi wa kwanza wa nchi yake huko London, kuanzia mwaka 1906 hadi 1908. Mwaka 1907 Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Urusi zilitia sahihi mkataba wa kuiheshimu mipaka ya Norwei, na kazi ya Nansen ilikuwa sehemu ya mafanikio hayo.

Wapendwa, tuuangalie uzalendo huu kwa haki. Mtu huyu aliipenda nchi yake, akaandika kwa ajili yake, akasafiri kwa ajili yake. Naye alilipa gharama. Mwezi Desemba 1907 mke wake Eva aliugua nyumbani Norwei wakati yeye yuko Uingereza kikazi, akafariki kabla Nansen hajamfikia. Mwaka 1913 mtoto wao mdogo wa kiume, Asmund, naye akafa. Lakini katika kuipigania Norwei hakuna Mswidi aliyechomewa nyumba, wala hakuna mtu aliyefukuzwa kijijini kwake kwa sababu ya lugha ya mama yake.

WAFUNGWA WALIOSAHAULIKA

Vita Kuu ya kwanza ilipokuja mwaka 1914, Norwei haikuingia upande wowote, lakini njaa iliitishia kwa sababu nafaka yake ilitoka nje. Nansen alitumwa Marekani mwaka 1917, akajadiliana huko miezi mingi. Serikali yake ilipositasita, mwaka 1918 alitia sahihi mapatano ya chakula kwa kujitwika wajibu mwenyewe. Hadi hapo bado ni mzalendo anayelisha watu wa kwao.

Jambo jipya lilianza mwaka 1920. Vita ilikuwa imekwisha tangu 1918, lakini wafungwa wa vita kwa mamia ya maelfu walikuwa bado wamekwama mbali na makwao, wengi wakiwa ndani ya Urusi hadi Siberia, na Warusi nao wakiwa Ujerumani. Nchi ambazo baadhi yao walizipigania zilikuwa zimekwisha kuvunjika. Dola ya Austria na Hungaria haikuwepo tena kwenye ramani. Askari aliyekwenda vitani akiimba wimbo wa dola hiyo alibaki kambini akisubiri, na dola haikuwepo ya kumwita nyumbani.

Ushirika wa Mataifa, ambao ulikuwa kama mtangulizi wa Umoja wa Mataifa wa leo, ulimwomba Nansen awarudishe. Serikali ya Kikomunisti ya Urusi haikuutambua Ushirika huo, lakini ilikubali kuzungumza na Nansen mwenyewe kama mtu. Kwa pesa kidogo na meli za kuazima aliwarudisha makwao zaidi ya watu 400,000, wa mataifa zaidi ya 20, hadi mwaka 1922. Hata Norwei haikuwa imepigana katika vita ile.

NJAA NA MATUSI

Mwaka 1921 njaa kubwa iliingia Urusi, hasa bonde la mto Volga, na baadaye Ukraine. Ukame, vita vya wenyewe kwa wenyewe na nafaka iliyochukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wakulima ndivyo vilivyoileta. Watu wapatao milioni tano walikufa. Mwezi Septemba Nansen alisimama mjini Geneva mbele ya wajumbe wa mataifa akaomba mkopo wa kununua chakula. Nchi nyingine zilikuwa na nafaka ya ziada, na meli za kuibeba zilikuwepo. Serikali zilikataa. Hofu yao ilikuwa kwamba kuwalisha wenye njaa wa Urusi ni kuiimarisha serikali ya Kikomunisti.

Nansen alishambuliwa kwa maneno. Wengine walimwita rafiki wa Wakomunisti, ingawa hakuwa mmoja wao. Aligeukia watu binafsi na mashirika ya hisani, akazunguka nchi nyingi akitoa hotuba na kuonyesha picha za watoto wenye njaa. Wamarekani walilisha watu wengi zaidi kupitia shirika lao kubwa, lakini kazi ya Nansen nayo iliokoa wengi. Mwaka 1922 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, na pesa zake akazitoa kwa kazi za msaada.

KARATASI YENYE JINA LAKE

Hapa ndipo Nansen anapotuhusu sisi. Baada ya mapinduzi ya 1917 na vita vilivyofuata, Warusi zaidi ya milioni moja walikuwa wamekimbilia nchi za jirani na Ulaya yote. Mwezi Desemba 1921 serikali yao iliwavua uraia wengi wao. Siku ile mtu aliyekuwa Mrusi akawa si wa popote. Hakuweza kuvuka mpaka kutafuta kazi. Akifukuzwa na nchi moja, nchi ya pili nayo humrudisha.

Kila mmoja wetu anaelewa habari hii bila kufundishwa. Mimi nilipovuka mpaka, mfukoni nilikuwa na kadi yangu ya ubatizo tu. Askari aliigeuza huku na huku, akaniuliza karatasi nyingine. Sikuwa nayo. Alinikalisha kando ya barabara hadi jioni, na katika saa zile nilijiona kama mtu ambaye hata jina lake ni la kubahatisha. Kutokuwa na karatasi si kosa la jinai, lakini mtu asiye nayo huanza kutembea kama mkosaji.

Kuanzia mwaka 1921 Nansen alikuwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi wa Urusi, kazi ya kwanza ya aina yake duniani. Mwezi Julai 1922 serikali kadhaa zilikutana Geneva zikakubali hati aliyoipendekeza, hati ya kumtambulisha mkimbizi asiye na serikali. Watu wakaiita pasipoti ya Nansen. Mwishowe serikali zaidi ya 50 ziliitambua. Ilibandikwa stempu yenye sura ya Nansen, na pesa za stempu zikawasaidia wakimbizi maskini. Mwanzoni hati ile ilikuwa dhaifu, kwa maana haikumpa mtu haki ya kurudi katika nchi iliyompa. Hata hivyo ilisema jambo moja kubwa, kwamba mtu huyu yupo na ana jina. Watu kama 450,000 waliipata. Walikuwemo wanamuziki na wachoraji wakubwa kama Igor Stravinsky na Marc Chagall, na walikuwemo mafundi viatu na madereva wa teksi ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Mwaka 1924 hati hiyo ilipanuliwa iwafikie Waarmenia waliookoka mauaji makubwa yaliyofanywa katika dola ya Kituruki kuanzia mwaka 1915. Mwaka 1925 Nansen alikwenda Armenia mwenyewe, akachunguza jinsi ya kuchimba mifereji ili ardhi kavu ilimwe na wakimbizi wapewe mashamba. Sisi tuliopimiwa vipande vya ardhi katika makazi haya tunajua thamani ya mpango kama huo. Alirudi Geneva akaomba fedha. Mataifa yalimsifu sana, lakini fedha hayakutoa.

JAMBO LINALOTUPA MASWALI

Sitaki kuwaficha upande wa pili. Mwaka 1922 vita kati ya Ugiriki na Uturuki iliwafukuza Wagiriki kwa mamia ya maelfu kutoka miji na vijiji walimoishi vizazi na vizazi. Nansen alipelekwa kusaidia. Alipoona mauaji na chuki ile, aliunga mkono pendekezo kwamba nchi mbili zibadilishane watu. Mapatano yalitiwa sahihi huko Lausanne mwezi Januari 1923, na yalikuwa ya lazima. Waorthodoksi zaidi ya milioni moja wa Uturuki wakahesabiwa kuwa watu wa Ugiriki, wengi wao wakiwa wamekwisha kukimbia, na Waislamu wasiopungua 350,000 wa Ugiriki wakapelekwa Uturuki.

Kipimo kilikuwa dini. Walikuwepo Wakristo waliojua Kituruki tu, wakapelekwa Ugiriki ambako hawakuweza hata kuomba maji. Walikuwepo Waislamu wa kisiwa cha Krete waliozungumza Kigiriki, wakapelekwa Uturuki wakawa wageni vilevile. Hawakuulizwa. Waliotetea mpango ule walisema bila huo wangechinjwa, na labda wengine wangechinjwa kweli. Lakini mimi nikisoma habari hizi nasikia sauti ya mtu akimwambia jirani yake arudi kwao, hali kwao ni palepale aliposimama. Huo ndio uzalendo unaotaka nchi iwe ya watu wa namna moja. Nansen hakuuanzisha, lakini alikubali kuupangia safari. Tumhesabie wema wake, na hili nalo tulihesabu.

KIFO CHAKE NA WALIOMFUATA

Nansen alifariki nyumbani kwake tarehe 13 Mei 1930. Alizikwa tarehe 17 Mei, ambayo ni sikukuu ya katiba ya Norwei, siku ambayo watoto wa nchi nzima huandamana na bendera. Hivyo bendera za sikukuu na bendera za msiba zilikutana siku moja.

Nataka muwatazame vijana wawili waliokuwa karibu naye. Wa kwanza ni Vidkun Quisling. Alikuwa afisa wa jeshi mwenye akili nyingi. Mwaka 1922 alimfanyia Nansen kazi ya njaa huko Ukraine, na inakubaliwa kwamba aliifanya vizuri. Mwaka 1925 alifuatana naye Armenia kama katibu. Mwaka 1933, baada ya Nansen kufa, Quisling alianzisha chama alichokiita Umoja wa Taifa. Taifa, taifa, ndilo lililokuwa neno lake. Wajerumani wa Hitler walipoivamia Norwei tarehe 9 Aprili 1940, siku ileile Quisling alijitangaza kiongozi wa serikali, akawatumikia wavamizi. Wakati wa utawala huo Wayahudi wa Norwei walikamatwa, na mamia walipelekwa kuuawa. Vita ilipokwisha mwaka 1945 alihukumiwa akapigwa risasi, na jina la ukoo wake limekuwa neno la kumaanisha msaliti katika lugha nyingi za Ulaya. Tukumbuke pia kwamba Nansen mwenyewe, mwaka 1925, alisaidia kuanzisha chama cha siasa chenye jina la nchi ya baba, kwa kuwaogopa Wakomunisti, na miaka ya baadaye baadhi ya watu wa chama hicho waliuelekea ufashisti. Hakuna mtu ambaye mlango wake umefungwa kabisa kwa kishawishi hiki.

Wa pili ni mwanawe, Odd Nansen. Alikuwa msanifu wa majengo. Mwaka 1936 alianzisha shirika la kuwasaidia watu wasio na uraia, hasa Wayahudi waliokuwa wakimkimbia Hitler. Mwezi Januari 1942 Wajerumani walimkamata, akafungwa zaidi ya miaka mitatu katika kambi za Norwei na Ujerumani, akaandika kwa siri kila alichokiona. Alitoka hai mwaka 1945.

Katika watu hao wawili, ni nani aliyekuwa mzalendo? Mmoja alilibeba taifa kwenye jina la chama chake. Mwingine aliwafungulia mlango watu wasio wa taifa lake, na kwa kufanya hivyo akalinda heshima ya Norwei wakati wengine walipoiuza.

NA SISI JE?

Kazi ya Nansen haikuzikwa naye. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 unatoa hati ya kusafiria kwa wakimbizi, na babu wa hati hiyo ni ile pasipoti ya Nansen. UNHCR ilianzisha nishani yenye jina lake mwaka 1954. Wako watu wa pande zetu walioipata. Mwalimu Julius Nyerere aliipata mwaka 1983, kwa jinsi Tanzania ilivyowapokea wakimbizi. Hakuna anayeweza kusema Nyerere hakuipenda Tanzania. Mwaka 2005 alipewa Maggy Barankitse wa Burundi, aliyewakusanya watoto wa makabila yote baada ya mauaji ya Ruyigi ya mwaka 1993, na ambaye mwaka 2015 alilazimika yeye mwenyewe kukimbia nchi yake. Mwaka 2013 alipewa Sista Angélique Namaika wa Dungu, Kongo, aliyewafundisha kazi na kusoma wanawake waliofukuzwa na waasi wa LRA.

Basi, vijana wangu wa chini ya mwembe, nawajibu hivi. Kuipenda nchi si dhambi. Yesu mwenyewe aliulilia Yerusalemu. Wewe uliyesema kwamba aliyekimbia si mzalendo, ujue kwamba mama aliyebeba watoto wawili usiku kucha hadi mpakani aliibeba Kongo pia mgongoni. Wewe uliyechoka na neno hilo, una haki ya kuchoka, wala sitakulazimisha. Nakuomba tu usiwaachie walioliharibu wawe ndio wenye kulifafanua. Ukitaka kumpima anayejiita mzalendo, mwangalie anamfanyia nini mtu asiye wa kwao. Nansen alipopata nchi yake huru mwaka 1905 hakufunga mlango kwa ndani. Alitoka akaenda kuwatafuta waliokosa nchi. Na pale alipokubali watu wahamishwe kwa sababu ya dini yao, ndipo hata yeye alipopotoka njia.

Na wewe dada uliyeuliza habari za mtoto wako, swali lako ndilo gumu kuliko yote. Mfundishe Kiswahili chako na majina ya milima ya kwenu. Mfundishe pia kuusalimu mlima anaouona kila asubuhi hapa. Nabii Yeremia aliwaandikia waliochukuliwa mateka wautafute usalama wa mji walimopelekwa, na hakuwaambia wausahau Yerusalemu. Mtoto anaweza kubeba yote mawili. Siku moja atakuja mtu nyuma yake, amevuka mpaka bila karatasi, amekalishwa kando ya barabara. Hapo ndipo tutajua kama tulimlea vizuri.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Je, mtu anaweza kuipenda nchi iliyomfukuza? Kwa namna gani?
2. Mwaka 1923 Nansen alikubali watu wahamishwe kwa lazima ili wasiuawe. Wewe ungefanya nini?
3. Humu makazini, ni nani ambaye kikundi chetu humhesabu kuwa si wetu? Wiki hii tumfanyie nini?

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.

Mchungaji wenu.